Maji yasiyotoka mvuani: historia ya unyevu katika nyumba za Minneapolis na Saint Paul

 Juma hili tuko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambako maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika Mashariki wamefanya makazi.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Februari, jua limechomoza baada ya siku kumi za baridi kali, nami nimeketi mezani katika orofa ya juu ya nyumba ya kupanga kusini mwa Minneapolis. Tone la maji likaanguka juu ya karatasi zangu. Likafuata la pili. Nilipoinua macho nikaona duara la rangi ya chai kwenye dari. Mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba, na juu ya paa palikuwa na theluji tupu. Nyuma ya kabati la nguo, ukutani, nikakuta kuvu jeusi limetanda mfano wa ramani.

Nyumba hiyo ilikuwa imekarabatiwa miaka miwili kabla. Madirisha ya zamani yalikuwa yameng'olewa na kuwekwa mapya ya vioo viwili, nyufa zimezibwa, na darini imemwagwa pamba ya kuhifadhi joto yenye kina cha mkono mzima. Gharama ya gesi ilipungua, nasi wapangaji tulishukuru. Mwenye nyumba alileta fundi wa paa, naye akapanda, akakagua, asione tundu lolote. Ndipo ikaja barua iliyosema kwamba kosa ni letu: tunapika kupita kiasi, tunachemsha mno, na hatufungui madirisha. Jirani yangu wa chini, mama mtu mzima mwenye asili ya Barawa ambaye Kiswahili chake ni Chimwiini, aliposomewa barua ile alicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Mwanangu," akaniambia, "kwetu bahari ilikuwa mlangoni, na sufuria ya wali ikachemka kila siku ya Mungu, wala dari haikutunyeshea."

Nilimwambia, "Mama, nitaulizauliza." Jibu nililolipata lina historia ya karibu miaka mia moja, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika miji hii hii.

Sisi watu wa pwani tumezoea unyevu unaotoka nje. Huja na upepo wa bahari, huifanya chumvi mezani iwe tope na viatu vilivyosahauliwa kabatini vikaota kuvu. Dawa yake tumeijua tangu zamani, nayo ni kuacha upepo upite. Minnesota mambo yamepinduka. Wastani wa Januari mjini Minneapolis ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi 33 chini ya sifuri. Hewa yenye baridi kiasi hicho ni kavu kupindukia. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba hadi gramu 17 hivi za maji katika hali ya mvuke. Hewa iliyo nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba gramu moja tu. Kwa hiyo wakati wa baridi bahari iko ndani ya nyumba. Pumzi zetu, nguo zinazoanikwa, maji ya kuoga, chai, wali, mimea ya kwenye vyungu, vyote hivyo katika nyumba ya watu wanne hutoa lita 7 hadi 12 za mvuke kwa siku. Mvuke huo hutafuta njia ya kutoka, na ukikutana na kitu cha baridi njiani hugeuka kuwa umande, au jalidi.

Sasa tuiangalie nyumba yenyewe. Mitaa ya kusini mwa Minneapolis imejaa nyumba za mbao zilizojengwa baina ya mwaka 1900 na 1930. Kuta zake zilikuwa na uwazi katikati, bila chochote cha kuzuia joto lisipotee. Katika chumba cha chini ya ardhi lilikaa tanuri kubwa la makaa ya mawe lenye mabomba yaliyotawanyika kama mikono ya pweza. Tanuri hilo lilivuta hewa ya nyumba na kuirusha juu kupitia dohani, usiku na mchana. Nyumba ikawa inapumua bila mtu kuiamuru. Ilikuwa na upepo miguuni, ilikula mafuta kama jini, lakini ilikuwa kavu, hata wenye nyumba waliweka vyombo vya maji juu ya mabomba ya joto ili koo zisikauke.

Katika miaka ya 1920 na 1930 ndipo biashara ya vitu vya kuhifadhi joto ilipoanza kushamiri. Minnesota haikuwa nyuma. Kiwanda cha Wood Conversion Company katika mji wa Cloquet kilitengeneza kwa nyuzi za mbao bidhaa iliyoitwa Balsam-Wool na kuiuza sehemu nyingi. Wengine walitumia sufi ya madini iliyopulizwa ukutani kupitia matundu. Nyumba zikapata joto. Kisha likatokea jambo ambalo halikutarajiwa: rangi ya nje ilianza kufanya malengelenge na kubanduka. Mafundi rangi walikasirika, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakidaiwa. Wengine walikataa kabisa kupaka rangi nyumba iliyotiwa pamba ukutani, wakisema kwamba pamba hiyo huvuta maji. Wenye viwanda vya pamba nao wakawalaumu mafundi rangi, na wauza rangi wakailaumu mbao.

Mzozo huo uliwafikia wanasayansi. Katika jimbo jirani la Wisconsin, mjini Madison, Maabara ya Mazao ya Misitu ya serikali ya Marekani ililishughulikia suala hilo, na mmoja wa watafiti wake, Larry Teesdale, aliandika mwaka 1937 juu ya mvuke unaogeuka maji ndani ya kuta na darini. Huku Minneapolis, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alikuwapo Profesa Frank Rowley wa uhandisi wa mitambo. Rowley na wenzake walifanya majaribio katika chumba cha baridi kali, wakajenga humo nyumba ndogo za mfano zenye paa na dari, wakazipasha joto na kuzitia mvuke, kisha wakaangalia jalidi inajikusanya wapi. Waliona kwamba mvuke husafiri kutoka upande wenye mvuke mwingi kwenda upande wenye mvuke mchache, hata kupitia jasi na mbao, kama vile joto lisafirivyo. Pamba ukutani haivuti maji. Kazi yake ni kulizuia joto lisifike kwenye mbao za nje. Mbao hizo, ambazo zamani zilipashwa na joto linalopotea, sasa zimekuwa baridi, na mvuke ukizifikia hugeuka maji papo hapo.

Hapo naomba tutue kidogo, maana ndipo kilipo kiini cha mambo yote yaliyofuata. Joto lile lililokuwa likipotea bure halikuwa likipotea bure kabisa. Lilikuwa likizikausha kuta. Aliyelizuia alipata faida ya kweli, lakini aliondoa pia mlinzi ambaye hakuna aliyewahi kumlipa mshahara wala kumjua kwa jina.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kuweka upande wa ndani wa ukuta karatasi isiyopitisha mvuke, na kuacha matundu ya hewa darini. Mwaka 1938 mwandishi Tyler Stewart Rogers aliieneza rai hiyo kwa wasanifu majengo kupitia jarida la Architectural Record, na mwaka 1942 shirika la serikali lililodhamini mikopo ya nyumba, Federal Housing Administration, liliiingiza katika masharti yake. Sharti la matundu ya darini lilisema eneo la uwazi liwe sehemu moja ya 300 ya eneo la dari. Nambari hiyo bado iko katika kanuni za ujenzi za Marekani hadi leo, ingawa msingi wake wa kisayansi ulikuwa mwembamba kuliko inavyodhaniwa.

Kwa maoni yangu kosa la miaka ile halikuwa katika vipimo vya Rowley. Watu waliupenda mno mfano wa mvuke unaopenya polepole katika jasi, wakasahau matundu. Wataalamu wa Kanada, wa Baraza la Utafiti la Taifa mjini Ottawa, walikuja kuonyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba mvuke mwingi hubebwa na hewa yenyewe inayopita katika nyufa. Mfano unaofundishwa sana katika vyuo vya ujenzi ni huu: katika msimu mzima wa baridi, ubao wa jasi usio na tundu, wenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, hupitisha kwa kupenya kiasi cha theluthi moja ya lita ya maji. Toboa katika ubao huo tundu la inchi moja mraba, na hewa itakayopita hapo itabeba karibu lita 28.

Elimu hiyo ilikuwa bado haijawafikia mafundi wengi ilipofika Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliiwekea Marekani vikwazo wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Kwa mkazi wa Minnesota, jimbo lisilo na kisima cha mafuta wala mgodi wa makaa, hilo lilikuwa pigo la kumfikisha hadi kitandani. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa kuzikarabati bure nyumba za watu wa kipato cha chini ili zisipoteze joto. Katika miaka hiyo hiyo Minnesota iliweka kanuni zake za kubana matumizi ya nishati katika majengo. Watu walikwenda madukani kununua utomvu wa kuzibia nyufa, plastiki za madirisha na mabunda ya pamba. Serikali ilihimiza, magazeti yalihimiza. Nyumba zilizopumua kwa miaka 60 zikafungwa midomo.

Msimu wa baridi uliofuata, vioo vikatiririka maji. Kuvu likaota katika pembe za vyumba vya kulala. Na darini kukatokea maajabu niliyoyaona mimi. Pamba inapomwagwa sakafuni mwa dari, joto la chini halipandi tena; dari huwa baridi kama nje. Lakini tundu la taa, mwanya kando ya dohani na upenyo wa mabomba vikiachwa wazi, hewa ya vuguvugu hupanda na mvuke wake na kuganda chini ya mbao za paa. Jalidi hujikusanya wiki baada ya wiki, misumari yote ikaota ndevu nyeupe. Siku jua linapochomoza, yote huyeyuka kwa pamoja. Ndiyo maana fundi wa paa hufika na asione tundu. Paa ni zima, na mvua imetungwa ndani ya nyumba.

Minneapolis yenyewe ilitoa chombo kilichosaidia kulifumbua fumbo hili. Feni inayofungwa mlangoni, ikavuta hewa yote ya ndani ili kupima nyumba ina nyufa kiasi gani, ilianza kutumiwa na watafiti wa Sweden na wa Chuo Kikuu cha Princeton katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gary Nelson na kampuni yake, The Energy Conservatory, waliitengeneza hapa kwa ajili ya mafundi wa kawaida, na ikauzwa duniani kwa jina la mji: Minneapolis Blower Door. Feni ikizunguka, fundi hupita na kitu kitoacho moshi kidogo mkononi. Popote moshi unapokimbia, hapo ndipo penye njia ya hewa. Kwa mara ya kwanza mabishano ya baina ya mpaka rangi, muuza pamba na mwenye nyumba yaliweza kukatwa kwa kipimo.

Kulikuwa na hatari nyingine iliyo mbaya kuliko kuvu. Nyumba ikizibwa sana, kisha feni ya jikoni, ya bafuni na mashine ya kukaushia nguo zikawashwa kwa pamoja, hewa hutafutwa popote, hata kupitia dohani. Moshi wa tanuri la gesi hurudi ndani badala ya kutoka. Msikilizaji wa Nairobi, Bukavu au Iringa hahitaji kufafanuliwa jambo hilo; tumezika watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu. Kwa sababu hiyo matanuri mapya yanayovuta hewa yao moja kwa moja kutoka nje, kwa bomba lililofungwa, yalikuwa faraja kubwa tangu miaka ya 1980. Lakini tazama jinsi mambo yanavyofungamana: tanuri jipya lilipowekwa, dohani la zamani likanyamaza, na ule uvutaji wa hewa uliokausha nyumba usiku na mchana ukakoma. Familia ilibadilisha tanuri Oktoba, ikaanza kufuta vioo Desemba, wala haikuhusisha mambo hayo mawili.

Nyumba mpya nazo hazikuokoka. Woodbury ni mji uliokua haraka mashariki ya Saint Paul, wenye nyumba nyingi zilizovikwa lipu ya saruji nje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaguzi wa majengo wa mji huo walitoa taarifa juu ya nyumba zilizojengwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ambazo mbao zake zilikuwa zimeoza chini ya madirisha na pale paa linapokutana na ukuta, nyingine zikiwa na umri wa miaka 10 hivi tu. Hapa maji yalikuwa ya mvua kweli, yaliyopenya palipokosewa katika ufungaji wa madirisha. Hata hivyo nyumba za lipu za mwaka 1925, ndani ya Minneapolis, nazo huvuja, na bado zimesimama. Tofauti ni kwamba ukuta wa zamani ulikauka kwa joto lililopotea, na mbao zake zilikuwa mbao nzima. Ukuta mpya una pamba tele, plastiki ndani, na nyuma ya lipu mna mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Maji yakiingia hayana pa kutokea. Wenye nyumba walilipa makumi ya maelfu ya dola kubandua lipu yote na kuanza upya, na kesi zikajaa mahakamani.

Niliposoma habari za Woodbury nilikumbuka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupokea unyevu na kuurudisha. Ilipoingia saruji, wengi walipaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, wakidhani wanauimarisha. Unyevu ukafungiwa ndani, chumvi ikalika jiwe, na lipu ikaanguka vipande. Wahifadhi wa majengo wamelipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi. Hali ya hewa ni tofauti kabisa na ya Minnesota, lakini kosa ni ndugu wa tumbo moja: fundi alitazama maji yanapoingia, hakuuliza yanatokea wapi.

Sheria zilijifunza polepole. Kanuni mpya za nishati za Minnesota za mwaka 2000 zilidai kwamba nyumba mpya ikizibwa, iwekewe pia mtambo wa kubadilisha hewa. Mtambo huo hutoa hewa chafu yenye mvuke ili safi iingie. Ule mpango wa serikali kuu wa mwaka 1976 wa kukarabati nyumba za maskini ulichelewa zaidi. Hadi mwaka 2012 ndipo ulipolazimishwa kufuata kipimo cha kisasa cha hewa safi katika kila nyumba inayozibwa. Ni miaka 36. Sidhani kwamba kulikuwa na hila. Kupungua kwa gharama ya gesi kunaandikwa kila mwezi katika ankara. Kuvu nyuma ya kabati halina ankara.

Waliokaa katika pengo hilo la miaka ndio wapangaji, na katika miji hii pacha wengi wao wanatoka kwetu. Wasomali waliokimbia vita vya mwaka 1991 walianza kuja katika miaka ya 1990, wakajaza minara ya Riverside Plaza katika mtaa wa Cedar-Riverside, iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1973 wa msukosuko wa mafuta. Wakenya wengi wako Brooklyn Park, na Wakongo, Waoromo na Watanzania wametawanyika. Ni familia kubwa, zinazopika nyumbani kila siku, katika nyumba zilizokarabatiwa ili zisipoteze joto. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba azibe nyufa na kuweka madirisha ya kukinga baridi, pale inapolipa kufanya hivyo. Lakini juu ya kuvu hakuna kipimo cha kisheria, si cha jimbo wala cha serikali kuu, cha kusema kiasi hiki kimezidi. Basi mvutano hubaki baina ya barua na barua, na mwenye Kiingereza kigumu ndiye anayeambiwa apunguze kupika.

Si kwamba wapangaji hatuna la kufanya. Wakati wa baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri unyevu wa ndani haufai kuzidi asilimia 20 hivi, na hilo ni jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kulikisia. Kipimo kidogo cha dukani humwambia. Kufunika sufuria kunasaidia. Kabati lisogezwe mbali na ukuta wa nje.

Katika nyumba yetu mkaguzi alikuja mwezi wa Machi na feni yake, baada ya barua zetu nne. Alifunga mlango wa mbele kwa kitambaa chekundu, akaiwasha, akapita vyumbani na moshi wake mkononi. Jikoni kwa mama wa Barawa moshi ulisimama wima. Katika bafu langu, juu, ulikimbilia kwenye feni ya dari kana kwamba umeitwa. Alipanda darini kwa ngazi, akakaa dakika chache, akaniita nitazame. Bomba la feni ile, ambalo lilipaswa kutoka nje kupitia paa, lilikuwa limekatwa wakati wa ukarabati na kuachwa limelala juu ya pamba. Kila nilipooga kwa miaka miwili nilikuwa nikimwaga mvuke darini, na mafundi walioziba kila ufa wa nyumba walikuwa wameufukia mdomo wa bomba kwa pamba yao.

Kulirekebisha kulichukua nusu siku. Nilishuka kumpa mama habari. Alikuwa ameinjika wali, na mfuniko ulikuwa ukichezacheza juu ya sufuria.